Fidla ya Bridgetower: Hotuba kwa Wanafunzi wa Muziki

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi ambao shughuli ya leo ni yenu:

Wengi wenu mnaojifunza fidla mnacho kile kitabu cha mazoezi 42 cha Rodolphe Kreutzer, na mara nyingi nikipita barazani jioni huwasikia mkipambana na zoezi la pili mpaka mkono wa kulia ukaomba radhi. Kreutzer alikuwa Mfaransa, mzaliwa wa Versailles mwaka 1766, mpigaji na mwalimu mwenye sifa kubwa mjini Paris, na mazoezi yake ndiyo yaliyotufundisha sisi sote kuuheshimu upinde. Hata hivyo, wasiogusa fidla maishani mwao hawalijui jina lake kwa sababu ya mazoezi hayo. Wanalijua kwa sababu Ludwig van Beethoven aliliandika juu ya sonata yake ya tisa ya fidla na piano, Opus 47, iliyochapishwa mwaka 1805, na ambayo mpaka leo ulimwengu mzima huiita kwa jina la Kreutzer. Kutoka hapo jina likasafiri: mwandishi wa Kirusi Tolstoy alilitia katika hadithi aliyoiandika mwaka 1889, na mtunzi Janáček, baada ya kuisoma hadithi hiyo, akalitia katika kwateti yake ya nyuzi ya mwaka 1923. Kreutzer mwenyewe, kwa ushuhuda wa mtunzi Berlioz, aliiona sonata hiyo kuwa haieleweki hata kidogo, wala hakuwahi kuipiga mbele ya watu.

Aliyeipiga kwanza, naye ndiye aliyetungiwa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Nimeombwa nizungumze juu ya maisha na kazi za watunzi na wapigaji wa muziki wa klasiki, na ningeweza kuwapitisha haraka haraka kwa Bach, Mozart, Haydn na wenzao, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa, kama tunavyofanya kwenye mitihani. Nimeona ni afadhali nikae na mtu mmoja na asubuhi moja. Mtu huyo ni George Augustus Polgreen Bridgetower, na asubuhi hiyo ni ya tarehe 24 Mei 1803, katika ukumbi wa bustani ya Augarten mjini Vienna.

Bridgetower alizaliwa Biała Podlaska, mji wa Poland, na kumbukumbu za ubatizo zinamweka mwaka 1778. Mama yake alikuwa Mjerumani. Baba yake alikuwa mtu mweusi, ambaye kwa uwezekano mkubwa asili yake ilikuwa kisiwa cha Barbados, ingawa mwenyewe alipendelea kujitangaza kuwa ni mwana wa mfalme kutoka Afrika, na alipofika Uingereza alijitokeza mbele za watu amevaa majoho ya Kituruki. Kabla ya hapo alikuwa mtumishi katika nyumba ya Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, na hili si jambo dogo, kwa kuwa nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyomwajiri Joseph Haydn kuongoza muziki wake. Mtoto wa mtumishi, basi, alikua karibu na mojawapo ya okestra bora za Ulaya nzima.

Mwezi Aprili 1789, miezi mitatu kabla ya ngome ya Bastille kuanguka, mtoto huyo alisimama Paris mbele ya hadhira ya maonyesho mashuhuri ya muziki yaliyoitwa Concert Spirituel, akapiga konseto ya fidla, yaani kazi ya fidla pamoja na okestra. Matangazo yalimpunguzia umri ili maajabu yazidi. Msicheke sana: baba yake Beethoven alifanya vivyo hivyo mwaka 1778 mjini Cologne, alipomtangaza mwanawe kuwa na miaka sita ilhali alikuwa ametimiza saba. Wazazi wa namna hii sisi walimu tunawafahamu, na baadhi yao, kwa heshima zote, wako nasi ukumbini.

Kutoka Paris walivuka bahari hadi Uingereza, ambako mtoto alipiga mjini Bath na London na kusikilizwa na mfalme mwenyewe. Hapo mambo ya baba yakaharibika. Alikuwa akizitumia fedha za mwanawe ovyo na kujivunjia heshima mjini, hata ikabidi Mwanamfalme wa Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne, amchukue kijana chini ya ulinzi wake na kumwondosha baba. Mwanamfalme huyo ana mengi ya kulaumiwa katika historia ya Uingereza, lakini katika hili alifanya kazi ya mlezi. Alimtafutia kijana walimu wa fidla, akamweka kwa Thomas Attwood ajifunze utunzi, Attwood ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Mozart, kisha akampa nafasi katika bendi yake binafsi, ambayo Bridgetower aliitumikia kwa miaka mingi. Haydn alipokuja London mwaka 1791, Bridgetower alikuwa miongoni mwa waliopiga katika maonyesho yake.

Mwaka 1802 aliomba ruhusa kwenda Dresden kumwona mama yake, aliyekuwa akiishi huko pamoja na mwana mwingine, mpigaji wa chelo. Alifanya maonyesho mawili Dresden, na majira ya kuchipua ya mwaka 1803 akaingia Vienna akiwa na barua za kumtambulisha. Mwanamfalme Lichnowsky akampeleka kwa Beethoven.

Beethoven wa wakati ule alikuwa na miaka 32. Miezi saba tu nyuma, Oktoba 1802, alikuwa amejifungia kijijini Heiligenstadt akaandika ile barua ya kuwaaga ndugu zake, barua ambayo hakuituma, akikiri kwamba masikio yanamwacha na kwamba sanaa peke yake ndiyo iliyomzuia asijiue. Alitoka kijijini akiwa mtu mwingine, na muziki wake ukatoka pamoja naye ukiwa mkubwa zaidi, mkali zaidi, usioomba ruhusa. Huyo ndiye aliyekutana na kijana wa miaka 24 ambaye fidla yake haikujua woga. Walipatana mara moja. Tarehe 18 Mei Beethoven alimwandikia Baron Wetzlar barua ya kumtambulisha Bridgetower, akimsifu kuwa ni mpigaji hodari aliyekitawala chombo chake barabara. Beethoven hakuwa mtu wa kugawa sifa kama karanga, kwa hiyo barua hiyo ina uzito wake.

Wakakubaliana wafanye onyesho pamoja, na Beethoven akaahidi sonata mpya. Sehemu ya mwisho alikuwa nayo tayari: aliitunga mwaka uliotangulia kwa ajili ya sonata nyingine ya ufunguo wa A, kisha akaiona inang'ara kupita kiasi pale, akaiweka kando. Zilizobaki ni sehemu mbili za mwanzo, na hizo zilitungwa mbio mbio, siku zikiwa zimekwisha. Ferdinand Ries, mwanafunzi wake, anasimulia kwamba Beethoven alimwita saa kumi na nusu alfajiri akamwambia anakili upesi upande wa fidla wa Allegro ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza yenye mwendo wa haraka, kwa sababu mnakili wake wa kawaida alikuwa ameshikwa na kazi. Upande wa piano ulikuwa umeandikwa hapa nota mbili, pale nota tatu. Mengine yote yalikuwa kichwani mwa mtunzi. Onyesho lilikuwa saa mbili asubuhi, kama desturi ya Augarten ilivyokuwa, watu wakisikiliza muziki kabla jua halijakaza. Muda wa kuinakili sehemu ya pili, ile Andante yenye mabadiliko kadhaa juu ya wimbo mmoja, haukupatikana kabisa.

Hebu tutazame jukwaani. Piano iko wazi na Beethoven ameketi. Kando yake amesimama Bridgetower, na inapofika zamu ya Andante, mbele yake kuna karatasi za mwandiko wa Beethoven mwenyewe. Mwandiko huo ni mashuhuri kwa ubaya: nota zimeinama kama mtama uliopigwa na upepo, madoa ya wino yako kila mahali, palipofutwa pamefutwa tena. Ilimpasa ausome mwandiko huo papo hapo, mbele ya watu, akipiga kitu ambacho hakuna binadamu aliyekipiga kabla yake. Ninyi mnaolalamika kwamba fotokopi zetu zimefifia, naomba mlitie hili akilini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeitikia mwaliko huu. Sehemu ya kwanza, baada ya utangulizi wa polepole, huingia katika mwendo wa Presto, yaani wa kasi sana, na katika kipimo cha 18, yaani fungu la 18 la mapigo, cha mwendo huo fidla husimama na kuiachia piano peke yake, nayo huruka kwa kasi juu ya akodi ya C, yaani nota zinazopatana za C, ikapanda na kushuka kama ndege aliyeachiwa. Sehemu hiyo ya Presto hurudiwa. Bridgetower aliusikia mruko huo mara ya kwanza, akanyamaza. Wakati wa marudio, piano ilipoupiga tena, akaujibu kwa fidla yake, bila kuandikiwa, bila kuombwa, mruko kwa mruko. Yeye mwenyewe aliliandika tukio hili katika maelezo aliyoyaacha juu ya sonata hiyo. Anasema Beethoven aliruka kutoka kitini, akamkumbatia na kumwambia, „Tena mara moja, kijana wangu mpenzi!” Kisha akarudi kwenye piano, na Bridgetower alipourudia mruko wake, Beethoven akaishikilia pedali chini ili sauti ya akodi iendelee kuvuma chini ya fidla.

Nawaombeni muuone uzito wa kitendo hicho. Kwa mpigaji wa taarabu hakina ugeni. Yeye hujua tangu ujana kwamba fidla humjibu mwimbaji, na kwamba anayerudia kilekile alichokipiga mwanzo bila kukipamba amelala. Nao wapigaji wa Ulaya wa karne ya 18 walikuwa na ruhusa pana ya kuongeza mapambo yao. Ila Beethoven alikuwa ndiye mtu aliyeanza kuifunga ruhusa hiyo. Mwaka 1816 mwanafunzi wake mpendwa Carl Czerny, katika kuipiga kwinteti yake ya piano na vyombo vya kupuliza, alijiongezea madoido ya hapa na pale ili kuonyesha ustadi, na Beethoven akamkaripia mbele ya wapigaji wengine. Kesho yake akamwandikia barua ya kumtaka radhi, lakini ndani ya radhi hiyo hiyo akashikilia msimamo wake: Czerny amsamehe mtunzi ambaye angependa zaidi kuisikia kazi yake kama ilivyoandikwa.

Mtunzi ni yuleyule. Kilichokuwa tofauti ni nini? Wapo wanaosema kwamba mwaka 1803 Beethoven alikuwa bado kijana na moyo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Mimi naamini tofauti ilikuwa katika jambo lililoongezwa. Czerny alitandaza mapambo juu ya muziki uliokwisha kamilika, kama mtu anayetia nakshi kwenye mlango wa jirani. Bridgetower aligundua kwamba mahali pale panadai jibu, na alilitoa jibu hilo kutoka ndani ya muziki wenyewe. Baadaye, Beethoven alipoipeleka sonata kwa mchapishaji, ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba imeandikwa kwa mtindo wa kushindana, karibu kama konseto. Fidla na piano zinakabiliana humo kama malenga wawili, na hakuna anayemsindikiza mwenzake. Sisemi kwamba Bridgetower aliitunga sonata, hakuitunga. Nasema kwamba Beethoven aliitunga akiwa na mkono wa mtu fulani masikioni mwake, na mkono huo haukuwa wa Kreutzer.

Haki inanitaka nitaje pia ushahidi wa upande mwingine. Czerny huyo huyo, ambaye mwaka 1803 alikuwa mtoto wa miaka 12, alikumbuka uzeeni kwamba Bridgetower alipiga kwa makeke kupita kiasi, na kwamba watu waliicheka sonata ile. Bridgetower, kwa upande wake, anaandika kwamba Andante ilishangiliwa na watu wakataka irudiwe. Sioni lazima ya kumchagua mmoja na kumwita mwingine mwongo. Ukumbi mmoja unaweza kucheka na kushangilia, na muziki mpya mara nyingi hupokewa hivyo. Hata ulipochapishwa, gazeti la muziki la Leipzig mwaka 1805 liliutaja kwa maneno makali, likisema kwamba anayeufurahia amekumbwa na aina ya ugaidi wa kisanaa.

Katika lugha yetu tunalo neno zuri la kile mtunzi anachokifanya anapoandika jina la mtu mbele ya kazi yake: tabaruku. Tabaruku ya kwanza ya sonata hii tunayo, kwa mkono wa Beethoven, kwenye mwandiko wa awali, katika Kiitaliano cha mzaha. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: sonata ya kichotara, iliyotungwa kwa ajili ya chotara Brischdauer, mwendawazimu mkubwa na mtunzi wa kichotara. Mzaha huo ulikuwa wa marafiki, na Beethoven aliwatania hivyo marafiki zake wote; alikuwa na ulimi usiopumzika. Lakini ninyi mnalijua neno chotara, mnajua linavyoweza kutamkwa kwa upendo na linavyoweza kutamkwa kwa dharau, mara nyingine na mtu huyo huyo katika siku hiyo hiyo, na mnajua kwamba anayeitwa hivyo hana uchaguzi wa kuwa lipi kati ya hayo mawili. Sitaki kulipuuza neno hilo wala kulifanya kesi.

Haukupita muda mrefu wakagombana. Bridgetower mwenyewe, akiwa mzee London, alimweleza mwanamuziki mmoja kwamba ugomvi ulikuwa juu ya msichana. Tumezoea kuisimulia habari hiyo na kuishia hapo, kwa kuwa ni hadithi tamu. Kuna sababu nyingine iliyo kavu zaidi. Wakati huo Beethoven alikuwa na mpango wa kuhamia Paris, na jina la mpigaji mkubwa wa Paris juu ya sonata lingemfungulia milango. Mwezi Oktoba 1804 alimwandikia mchapishaji wake, Simrock wa Bonn, akimsifu Kreutzer, ambaye alikutana naye Vienna mwaka 1798, kuwa ni mtu mwema asiye na majivuno, akaongeza kwamba kwa kuwa sonata imeandikwa kwa ajili ya mpiga fidla hodari, tabaruku hiyo inamstahili zaidi. Mpiga fidla hodari aliyeandikiwa hakutajwa katika sentensi hiyo. Safari ya Paris haikufanyika. Jina likabaki.

Nilipokuwa mwanafunzi niliisikia sonata hii kwa mara ya kwanza katika onyesho lililoambatana na karatasi ya maelezo yenye kurasa nne. Kreutzer alipewa aya nzima, pamoja na mwaka wake wa kufa. Bridgetower hakutajwa hata kwa mstari mmoja, na miaka sita zaidi ikapita kabla sijalijua jina lake. Ndiyo maana mnaniona naling'ang'ania.

Msidhani, lakini, kwamba maisha yake yalikwisha pale Augarten na kwamba kilichobaki ni kumhurumia. Alirudi Uingereza akafanya kazi. Mwaka 1807 alichaguliwa katika chama cha kifalme cha wanamuziki, mwaka 1811 akatunukiwa shahada ya muziki na Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1812 akachapisha kitabu cha mazoezi ya piano kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1813 ilipoanzishwa Philharmonic Society ya London, alikuwa miongoni mwa waliopiga katika msimu wake wa kwanza. Na jumuiya hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumwagizia Beethoven simfoni iliyokuwa ya tisa, na kumpelekea paundi 100 alipokuwa kitandani mwaka 1827. Alioa mwaka 1816. Alifariki Peckham, London, tarehe 29 Februari 1860, miaka 33 baada ya Beethoven, akazikwa Kensal Green.

Baina ya vitu vilivyobaki kuna kimoja ambacho Beethoven alimpa walipokuwa bado wanapatana: uma mdogo wa chuma, ule unaogongwa ukatoa sauti moja ya kusawazishia nyuzi. Leo umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Tabaruku inaweza kufutwa na mchapishaji kwa agizo la barua moja. Uma huo hakuna aliyeurudisha.

Sonata yenyewe inaanza na fidla peke yake. Kwa vipimo vinne piano haigusi kitu, na mpigaji anabeba akodi nzima nzima juu ya nyuzi zake, mbili, tatu, nne kwa pamoja, katika ufunguo wa A mkubwa, kabla piano haijaingia na kuyageuza yote kuelekea huzuni. Beethoven alimwachia Bridgetower ukumbi mzima. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu atatupigia sehemu hiyo ya kwanza sasa hivi, na mwalimu wake ameketi kwenye piano. Vitabu walivyo navyo mbele yao vina jina la Kreutzer kwenye jalada, maana vingine haviuzwi. Tumekubaliana, hata hivyo, kwamba kwenye marudio, katika kipimo cha 18 cha Presto, fidla itajibu kitu ambacho hakimo kitabuni. Mwalimu ameahidi kuishikilia pedali. Kuruka kitini na kumkumbatia mpigaji hajaahidi. Amesema atasikiliza kwanza.